Ndugu yetu kawekwa "seksheni" Uingereza: maswali ambayo familia huuliza

Majibu haya ni kwa familia za Waswahili zinazoishi England na Wales, ambako inatumika Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983. Scotland wana sheria yao ya 2003, Ireland ya Kaskazini wana yao pia, na muda na majina ya hatua huko ni tofauti. Mimi kazi yangu ni ukalimani wa hospitalini. Si wakili wala daktari. Ila nimekaa kwenye vyumba vya kutosha kujua familia zetu hukwama wapi. Sheria hii inakwenda kwa saa na kwa siku, na haki nyingi za familia zina tarehe ya mwisho. Watu wengi wananipigia baada ya tarehe hiyo kupita.

"Seksheni" ni nini hasa?

Ni kumlaza mtu hospitali ya akili hata kama hataki, kwa kutumia kifungu fulani cha sheria. Vifungu viwili utavisikia zaidi. Cha 2 ni cha uchunguzi: hadi siku 28, na hakiongezwi zikiisha. Cha 3 ni cha matibabu: hadi miezi 6, kisha kinaweza kuongezwa miezi 6 mingine, halafu mwaka mmoja mmoja. Kipo pia cha 4, cha dharura, saa 72 kwa daktari mmoja tu, pale ambapo kumsubiri wa pili ni hatari.

Ugonjwa peke yake hautoshi kumlaza mtu kwa lazima. Ni lazima uwe wa aina au wa kiwango kinachohitaji hospitali, na iwepo sababu ya kumzuia: afya yake, usalama wake, au usalama wa watu wengine. Kwa kifungu cha 3 ni lazima pia tiba inayofaa iwe inapatikana. Mtu anayeongea peke yake lakini anakula, analala, na hamdhuru yeyote, hawezi kubebwa kwa sababu tu majirani wanaona aibu.

Muswada wa kuibadilisha sheria hii uliingia bungeni Novemba 2024, na serikali yenyewe ilisema mageuzi yote yanaweza kuchukua takriban miaka 10 kutekelezwa. Ninachoeleza hapa ni mfumo wa 1983. Ukifika hospitali, uliza kama kuna kifungu ambacho kimeshabadilika.

Nani anaamua? Daktari wa zamu anaweza peke yake?

Kwa kifungu cha 2 na cha 3, hapana. Wanahitajika watu watatu: madaktari wawili, mmoja wao aliyeidhinishwa kuwa mjuzi wa magonjwa ya akili, na mwingine ikiwezekana awe anamfahamu mgonjwa, kama GP wake (daktari wa kliniki ya mtaani). Wa tatu ni AMHP. Huyu mara nyingi ni afisa wa ustawi wa jamii mwenye mafunzo maalumu, na ndiye anayetia sahihi ombi la kumlaza. Madaktari wote wawili wakisema alazwe na AMHP akakataa kusaini, hawezi kulazwa kwa ombi lake.

Ndiyo maana nawaambia watu: usipoteze nguvu zako zote kubishana na daktari. Mtafute AMHP, uliza jina lake, chukua namba yake ya simu. Huyo ndiye anayepaswa kusikia upande wa familia na kuangalia kama ipo njia nyepesi kuliko kulazwa, kwa mfano timu ya dharura inayomtembelea mgonjwa nyumbani kila siku.

Hali imemzidia sasa hivi. Nipige simu wapi?

Kama maisha yako hatarini, ameshika kisu, amemeza vidonge au yuko juu ya daraja, ni 999. Eleza tangu mwanzo kwamba ni dharura ya afya ya akili, na useme kama ana silaha au hana. Hilo la silaha litamke wazi. Wanaokuja wakiwa hawajui hudhani mabaya zaidi.

Kama hali ni mbaya lakini hakuna hatari ya dakika hii, piga 111 na uchague namba 2. Utapata wahudumu wa afya ya akili wa eneo lako, saa 24. Kiingereza kikikushinda, sema tu "Swahili" na usikate simu. Kumtafuta mkalimani huchukua dakika kadhaa na simu hukaa kimya. Ukiweza kumfikisha idara ya dharura ya hospitali kwa miguu yake mwenyewe, mpeleke. Pale hakuna anayeulizwa viza wala malipo kwa huduma ya dharura. Kwa anayetaka tu mtu wa kumsikiliza usiku, Samaritans wako kwenye 116 123, bure.

Tangu makubaliano ya kitaifa ya Julai 2023, polisi wa England na Wales wamepunguza kwenda kwenye miito ya afya ya akili isiyo na uhalifu wala hatari ya haraka. Kwa hiyo ukipiga 999 ukaunganishwa na gari la wagonjwa badala ya polisi, hujadharauliwa.

Akisema wazi kwamba anataka kufa, si atakamatwa?

Hapana. Swali hili najua linatoka wapi. Nchini Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Watu wetu wamekua wakijua kwamba maneno hayo humfikisha mtu rumande, na hofu hiyo wanapanda nayo ndege. England na Wales kosa hilo lilifutwa mwaka 1961. Mwambie daktari ukweli wote: kama ana mpango, kama ameshanunua kitu, kama ameandika barua. Familia ikificha, daktari anaandika "hatari ndogo", na mgonjwa anarudishwa nyumbani usiku huohuo.

Polisi wamemchukua dada yangu barabarani. Wamempeleka wapi na kwa muda gani?

Hicho ni kifungu cha 136. Polisi wanaweza kumchukua mtu anayeonekana kuwa na tatizo la akili na kuhitaji msaada wa haraka, mahali popote isipokuwa ndani ya nyumba ya mtu, bustani yake au uwanja wa nyumba hiyo. Ikiwezekana, kabla ya kumchukua wanatakiwa kushauriana na muuguzi, daktari, AMHP au mhudumu wa gari la wagonjwa. Anapelekwa "mahali salama", ambapo mara nyingi ni chumba maalumu hospitalini. Kituo cha polisi kinaruhusiwa kwa mtu mzima katika hali za nadra tu, na kwa aliye chini ya miaka 18 hakiruhusiwi kabisa.

Muda ni saa 24 tangu alipofikishwa hapo. Daktari anaweza kuongeza saa 12 kama hali ya mgonjwa hairuhusu achunguzwe kwa wakati, na si kwa sababu kitanda kimekosekana. Andika saa aliyofika. Muuguzi atakuwa nayo, muulize.

Ndani ya saa hizo hajashtakiwa kwa lolote, na hawezi kupewa dawa kwa nguvu kwa kutumia kifungu hiki.

Wanaweza kuvunja mlango wa nyumba?

Wakiwa na kibali cha hakimu, ndiyo. Ni kifungu cha 135: AMHP anaomba kibali mahakamani, kisha anafika na polisi na daktari. Omba kukiona. Mara nyingi familia ikifungua na kuketi nao, kibali hakitumiki kabisa, na mambo huisha sebuleni.

Mama yetu yuko Mombasa na ndiye mkubwa wa familia. Si ndiye wanayepaswa kumsikiliza?

Hapa ndipo familia zetu hupoteza zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sheria ya 1983 inampa mtu mmoja cheo cha ndugu wa karibu kisheria. Hachaguliwi na mgonjwa wala na kikao cha ukoo. Anapatikana kwa kufuata orodha, kuanzia juu: mume au mke (pamoja na mtu waliyeishi naye kama mume na mke kwa miezi 6 au zaidi), mtoto, mzazi, kaka au dada, babu au bibi, mjukuu, mjomba, ami, shangazi au mama mdogo, kisha mpwa. Wakiwa wawili wa ngazi moja, mkubwa kwa umri ndiye. Ndugu wa baba na mama mmoja anatangulia ndugu wa mzazi mmoja. Mume au mke aliyeachana naye moja kwa moja haingii. Aliye chini ya miaka 18 haingii, isipokuwa ni mzazi au ni mume au mke wa mgonjwa.

Halafu yapo mambo mawili yanayoigeuza orodha nzima. La kwanza, ndugu anayeishi na mgonjwa au anayemtunza anapanda juu kabisa, hata kama ni mpwa. La pili, kama mgonjwa makazi yake ni Uingereza, ndugu anayeishi nje ya nchi anahesabiwa kana kwamba hayupo. Kwa hiyo mama aliyeko Mombasa, ambaye bila neno lake hakuna harusi wala mazishi katika ukoo huo, mbele ya sheria hii hayumo. Dada mdogo aliyeko Luton, ambaye kila mtu anamwambia "wewe nyamaza, wakubwa wanaongea", huenda ndiye mwenye sahihi.

Angalia pia nani hayumo kabisa: binamu, shemeji, mkwe, mke wa mjomba. Sisi tunawaita ndugu, na mara nyingi ndio waliomsindikiza mgonjwa hospitali. Nimemwona binamu akikaa na madaktari saa tatu nzima akijibu maswali, akiamini kwamba ndiye aliyeulizwa rasmi. Maelezo yake yalisaidia, lakini pingamizi lake halikuwa na uzito wowote wa kisheria. Ila kama binamu ameishi nyumba moja na mgonjwa kwa miaka 5 au zaidi, anaweza kuingia mwisho wa orodha kama mtu waliyeishi pamoja.

Ukijikuta wewe ndiye na huwezi, pengine unafanya kazi usiku au mgonjwa anakuogopa, unaweza kumkabidhi mtu mwingine nafasi hiyo kwa maandishi. Karatasi moja yenye sahihi yako inatosha kuanzia. AMHP ataeleza ipelekwe wapi.

Mageuzi ya sheria yanataka kuiondoa orodha hii na kumwacha mgonjwa achague mtu wake mwenyewe. Naiona kuwa hatua nzuri. Nimekutana na wanawake ambao orodha iliwapa waume waliokuwa wanawapiga.

Ndugu huyo wa karibu ana nguvu gani?

Ana nguvu kuliko anavyofikiria.

Anaweza kuiomba halmashauri imchunguze mgonjwa hata kabla hali haijaharibika. Ni lazima walifikirie ombi hilo, na wakiamua kutomlaza wamwandikie sababu. Familia nyingi husema "tulipiga simu miezi, hawakuja". Simu ya kawaida wanaweza kuizungusha. Ombi la ndugu wa karibu kisheria, lililoandikwa na kutaja kifungu cha 13(4), linadai jibu la maandishi.

Kwa kifungu cha 3, AMHP lazima amwulize kwanza, ikiwezekana. Akisema "napinga", ombi linasimama. Halmashauri ikiona anapinga bila sababu ya msingi, inabidi iende mahakama ya kaunti kuomba avuliwe nafasi hiyo. Kwa kifungu cha 2 hana haki ya kuzuia, anaarifiwa tu. Usipinge kwa hasira au kwa sababu mjomba kasema. Pinga kama una mpango mbadala: nani atakaa naye, nani atasimamia dawa, timu gani ya nyumbani imekubali kuja.

Na anaweza kuamuru mgonjwa aachiliwe. Anaandika barua kwa uongozi wa hospitali, akitoa taarifa ya saa 72. Ndani ya saa hizo daktari mkuu wa mgonjwa anaweza kuzuia, lakini akithibitisha tu kwamba mgonjwa akitoka huenda atajidhuru au kumdhuru mtu. Kusema "bado hajapona" hakutoshi hapo. Daktari akizuia, ndugu hawezi kujaribu tena kwa miezi 6. Ila kama ni kifungu cha 3, ana siku 28 za kwenda baraza la rufaa.

Kijana wangu anajua Kiingereza vizuri. Si anaweza kututafsiria?

Mwombe mkalimani wa hospitali. Hulipi chochote, na mwongozo rasmi wa sheria hii unasema ndugu kwa kawaida wasitumiwe kwa kazi hiyo.

Nitakupa mfano, nikiwa nimebadilisha mambo ya kumtambulisha mtu. Sebule ndogo, madaktari wawili kwenye kochi, AMHP kwenye kiti cha plastiki kilichotolewa jikoni, mama anataka kunyanyuka awapikie chai. Mkalimani hajafika, wanaanza na mtoto wa miaka 15. Daktari anauliza kama amewahi kufikiria kujiua. Mama anajibu kwa sauti ya chini kwamba vidonge ameshaviweka kwenye droo ya kitanda, anasubiri mtoto aende safari ya shule. Mtoto anaangalia zulia, kisha anawaambia madaktari kwamba mama amechoka sana na kazi. Nilifika dakika 20 baadaye, swali likaulizwa upya. Usimbebeshe mtoto mzigo huo.

Ukitaka mkalimani wa jinsia fulani, au usitake mtu wa mtaa wenu, sema mapema. Na eleza Kiswahili chako ni cha wapi. Mzee wa Kigoma na mama wa Bukavu wote wanaandikiwa "Swahili" kwenye faili, halafu anatumwa mtu ambaye mmoja wao hamwelewi.

Wanaweza kumpa dawa kwa nguvu?

Akiwa kwenye kifungu cha 2 au cha 3, ndiyo. Kwa miezi 3 ya mwanzo daktari anaweza kuagiza dawa za ugonjwa wa akili bila ridhaa yake. Baada ya hapo lazima mgonjwa akubali, au aje daktari huru kutoka nje ya hospitali hiyo aidhinishe. Tiba ya umeme ina ulinzi zaidi: mtu mwenye uwezo wa kuamua akiikataa, haitolewi, isipokuwa dharura ya kuokoa maisha au kuzuia hali kuzorota vibaya.

Nguvu hii ni ya ugonjwa wa akili na yanayotokana nao. Haimpi daktari ruhusa ya kumfanyia mgonjwa upasuaji wa goti.

Uliza jina la dawa, kipimo, na madhara yake. Kama mikono inatetemeka, mate yanamtoka au hatulii kitini, hayo huenda ni madhara ya dawa na yanatibika. Wengi hufikiri ni ugonjwa umezidi, wanakaa kimya.

Tunakataa rufaa tusije tukamkasirisha daktari. Ni sawa?

Si sawa, na daktari hakasiriki. Ni sehemu ya kazi yake ya kila wiki. Baraza la rufaa lina watu watatu: jaji, daktari wa akili asiye wa hospitali hiyo, na mjumbe mwenye uzoefu wa huduma hizi. Hukaa hospitalini au kwa video. Ni juu ya hospitali kuonyesha kwa nini bado anazuiwa. Mgonjwa halazimiki kuonyesha kwamba amepona.

Kwenye kifungu cha 2 ombi lazima liingie ndani ya siku 14 za kwanza, na kikao hukaa ndani ya siku 7 baada ya ombi kupokelewa. Kwenye cha 3 anaweza kuomba mara moja ndani ya miezi 6 ya kwanza, mara moja ndani ya 6 inayofuata, kisha mara moja kila mwaka. Wakili wa baraza ni bure kwa mgonjwa, haijalishi ana mshahara gani au ana akiba kiasi gani benki. Wodi lazima iwe na orodha ya mawakili. Yupo pia mtetezi huru anayeitwa IMHA, naye ni bure, ambaye humsaidia mgonjwa kuelewa haki zake na kuingia naye mikutanoni.

Hizo siku 14 ndizo zinazopotea zaidi. Wiki ya kwanza familia inalia, ya pili inatafuta wa kulaumiwa.

Aliingia kwa hiari yake. Mbona leo wanamkatalia kutoka?

Mgonjwa wa hiari ana haki ya kuondoka. Lakini akianza kuondoka na wakaona hatari, muuguzi mwenye sifa anaweza kumzuia kwa saa 6, na daktari kwa saa 72, ili achunguzwe kama anahitaji seksheni. Uliza moja kwa moja: "Yuko kwa hiari au kwa kifungu? Kipi? Kuanzia saa ngapi?" Wakijibu kwamba ni wa hiari lakini mlango haufunguliwi, mtafute wakili siku hiyohiyo.

Ni kweli sisi weusi tunafungiwa zaidi?

Takwimu za NHS zenyewe zinasema hivyo mwaka baada ya mwaka: kwa idadi ya watu, weusi wanawekwa seksheni zaidi ya mara tatu ya wazungu. Tathmini huru ya sheria hii iliyoongozwa na Simon Wessely, iliyotoka Desemba 2018, ililiweka jambo hilo mezani waziwazi. Sababu ni nyingi na wataalamu wanabishana, lakini mimi naona moja kila mwezi: tunafika tumechelewa, kupitia polisi, baada ya miezi ya kuficha. Nyingine haituhusu sisi. Mwanamume mweusi mrefu anayeongea kwa sauti huandikwa "mkali" haraka mno.

Mwaka 2010 kijana wa miaka 23, Olaseni Lewis, alifariki baada ya kuzuiwa na polisi 11 katika hospitali ya akili London. Familia yake ilipigana miaka, na mwaka 2018 ikapatikana sheria inayobeba jina lake mitaani: hospitali za akili za England lazima ziwe na sera ya matumizi ya nguvu, ziandike kila tukio, na polisi wanaoitwa wodini wavae kamera inapowezekana. Ukiona michubuko, uliza kumbukumbu ya tukio. Ipo, au inapaswa kuwepo.

Mama alikuja kututembelea kwa viza ya miezi 6 akaugua. Bili itakuwa kiasi gani?

Kwa muda aliozuiwa chini ya sheria hii, mgeni hatozwi. Akishatolewa kwenye seksheni akabaki wodini kwa hiari, kanuni za malipo zinaweza kurudi, kwa hiyo uliza siku hiyo ya kubadilishwa. Na kuwekwa seksheni si kosa la jinai. Haiandikwi kama hatia popote.

Kazi yake ni ya kutunza wazee. Itaonekana kwenye DBS, ule ukaguzi wa rekodi za jinai kwa ajili ya kazi?

Haimo kwenye hatia kwa sababu si hatia. Kwenye ukaguzi wa kina polisi wana nafasi ya kuongeza taarifa wanazoona zinahusika, lakini mwongozo wao unasema kuzuiwa kwa afya ya akili, peke yake, si jambo la kuandikwa. Ikitokea limeandikwa, kuna njia ya kulipinga. Leseni ya udereva ni habari nyingine: kwa magonjwa kadhaa, saikosisi (kupoteza uhalisia) ikiwemo, ni lazima kuijulisha DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, na kuacha kuendesha mpaka daktari aridhike. Kwa dereva wa teksi au wa lori hilo linauma, najua.

Sheikh anasema ni jini. Mchungaji anasema ni laana. Tumtoe tumpeleke kwao?

Dua na maombi haviwazuii madaktari, na hospitali nyingi zina imamu au kasisi. Mwombe aje wodini. Chakula cha halali na mahali pa kuswali pia viombwe, visisubiriwe. Ninachokataa ni dawa kuachwa ghafla kwa sababu "tumeanza kisomo". Kuacha ghafla ndiko huwarudisha wengi wodini.

Kumfungia mtu chumbani ili asitoke ni kosa hapa, hata kama mnafanya kwa huruma na hata kama huko kwetu mmewaona waliofungwa kamba na hakuna aliyeuliza. Kumpakia kwenye ndege angali kwenye seksheni haiwezekani. Akitoka wodini bila ruhusa polisi wanaweza kumrudisha. Na akiwa huru, aamue yeye mwenyewe. Nimeona tiketi zilizokatwa na wajomba kwenye kundi la WhatsApp bila mgonjwa kuulizwa hata mara moja, halafu kufika huko dawa aliyozoea haipatikani, au inapatikana kwa bei ambayo hakuna kwenye kundi lile aliyejitolea kulipa.

Wanasema anatoka Ijumaa. Tuulize nini kabla?

Uliza kwanza alikuwa kwenye kifungu kipi. Waliokuwa kwenye cha 3 wana haki ya huduma za baada ya kutoka, chini ya kifungu cha 117, bure: muuguzi wa jamii, msaada wa nyumbani, wakati mwingine makazi maalumu. NHS na halmashauri wanawajibika pamoja, na hawawezi kuzikatisha bila kuamua rasmi kwamba hazihitajiki tena. Waliokuwa kwenye cha 2 pekee hawana haki hiyo, kwa hiyo kwao omba mpango wa maandishi kutoka timu ya eneo lenu.

Uliza kama anatoka kwa amri ya matibabu ya jamii. Hiyo ina masharti, kama kuchomwa sindano ya mwezi kliniki. Nyumbani hawezi kushikwa akachomwa kwa nguvu, lakini akivunja masharti anaweza kuitwa hospitali na kuzuiwa hadi saa 72 huku wakiamua.

Kisha yale madogo: dawa za siku ngapi amepewa mkononi, nani atampigia simu wikendi, GP amepata barua au bado. Ijumaa jioni GP amefunga, na duka la dawa halitoi kitu bila karatasi. Ikiwa dawa alizopewa hazifiki hata Jumatatu, usisaini kuondoka mpaka waongeze.